Hina na Piko: Maswali Ninayoulizwa Kila Msimu wa Harusi

Kila ikifika Shaabani, na tena Mfungo Mosi, simu yangu haipumziki. Bi harusi anauliza, mama yake anauliza, shangazi aliyeko Muscat anatuma ujumbe wa sauti wa dakika nne, na maswali ni yale yale. Nimeyakusanya hapa. Mambo ya kuchanganya na kuchora nimeyatoa kwenye kazi yangu hapa Mombasa na kwa wanawake walionifunza. Mambo ya ngozi na maradhi nimefuata wanayosema madaktari wa ngozi. Swali lililokwisha kujibiwa kwingine nitakuelekeza huko.

## Hina yenyewe

Hina ni nini hasa?

Ni majani ya mhina, kichaka ambacho wataalamu wa mimea hukiita Lawsonia inermis. Pwani bado utaukuta umepandwa uani, na ukichanua, vile vimaua vyake vidogo vya rangi ya maziwa hunukia hadi njiani. Majani huchumwa, hukaushwa, husagwa na kuchekechwa hadi yawe unga laini wa kijani. Ndani yake mna rangi iitwayo losoni, ambayo hushikamana na keratini, ile protini iliyojenga ngozi ya juu, kucha na nywele. Kwa hiyo hina haikai juu ya ngozi kama chokaa ukutani. Inaingia kwenye tabaka la juu, na tabaka hilo likibanduka, rangi inaondoka nalo.

Bibi zetu walitwanga majani mabichi kinuni. Siku hizi unga mwingi madukani hutoka India, hasa eneo la Sojat kule Rajasthan, na mwingine Pakistan, Yemen na Sudan.

Na piko?

Piko ni ile nyeusi. Wengi hudhani ni aina ya hina, na wauzaji hawana haraka ya kuwasahihisha. Piko tunayoijua leo ni dawa ya unga ya kutia nywele weusi, iliyokorogwa ikawa uji mzito, ikachorwa mkononi. Haina uhusiano wowote na mti wa mhina. Hushika kwa muda mfupi na kutoka nyeusi tii, ndiyo maana inapendwa. Madhara yake nimeyaandikia sehemu nzima huko chini, nami nakuomba uisome kabla ya kunipigia simu kuniomba nikuchoree.

Mbona hina yangu imetoka rangi ya chungwa? Nimeibiwa?

Hapana. Hiyo ndiyo dalili kwamba umepata hina. Ukiikwangua tu, rangi huwa ya chungwa, ya wazi kiasi cha kumtia bi harusi simanzi. Kisha hewa huifanyia kazi, na kati ya saa 24 na 48 inakolea: chungwa linakuwa wekundu, wekundu unakuwa hudhurungi, na kwenye kiganja unaweza kufika rangi ya zabibu kavu. Ukichorwa asubuhi ya sherehe utaingia ukumbini na mikono ya rangi ya karoti, na kosa halitakuwa la hina.

Inadumu siku ngapi?

Wiki moja hadi mbili kwa kawaida, tatu kwa mwenye bahati. Nyayo na viganja hukolea kuliko kwingine kwa sababu ngozi ya hapo ni nene. Mgongo wa mkono hupauka mapema, na mkono wa anayefua na kuosha vyombo mapema zaidi. Kwenye kucha haitoki. Inasubiri kucha ikue, ukate.

Kupaka hina na kuchora hina ni kitu kimoja?

Watu huchanganya, lakini mkongwe akikwambia "kupaka" huenda ana maana ya mtindo wa kale: nyayo nzima, viganja, na ncha za vidole zimejazwa rangi tupu, bila ua wala jani. Kuchora ni maua na mistari. Mitindo yote miwili ingalipo, na ule wa kale, kwa macho yangu, ukikolea vizuri kwenye nyayo za mwanamke mtu mzima, unaushinda mchoro wa saa sita.

## Kuchanganya, kupaka, kuhifadhi

Nichanganyeje nyumbani?

Chekecha unga mara mbili kwa kitambaa chepesi, kwani punje moja tu ikiziba tundu la koni ya kuchorea, mstari umeharibika. Tia maji ya ndimu au limau kidogo kidogo hadi upate ugumu wa mtindi mzito. Ongeza sukari kidogo ili uji ushike ngozi usipukutike. Wengine hutumia chai ya rangi iliyopoa. Inafaa, ingawa sijaona ikizidi ndimu. Matone machache ya mafuta ya mkaratusi husaidia rangi. Mafuta ya karafuu pia hutumika, ila ni makali: kwa ngozi laini yanaweza kuwasha, na mtoto asipakwe kabisa.

Funika, acha. Kwa joto letu saa chache zinaweza kutosha. Penye baridi huchukua usiku kucha au zaidi. Utajua iko tayari pale uso wa uji unapogeuka kahawia huku ndani kukiwa bado kijani. Paka tone kwenye kiganja, subiri dakika tano, futa. Likiacha doa la chungwa, anza kazi.

Nimefuata yote na bado haikushika. Kwa nini?

Mara nyingi unga ni mzee. Hina nzuri ina rangi ya kijani na harufu ya majani makavu. Iliyokaa dukani kwenye mwanga wa jua hufifia hadi rangi ya vumbi, na hapo hata ndimu kikapu kizima hakikusaidii. Sababu ya pili ni mafuta: umejipaka losheni asubuhi, kisha unataka hina iingie. Osha mikono kwa sabuni, kausha, ndipo ukae kitini. Ya tatu ni haraka, na hiyo inajibiwa hapo chini.

Nikae nayo muda gani, na niitoeje?

Saa nne ndiyo chini kabisa. Saa sita hadi nane ni bora, na kulala nayo ni bora zaidi. Uji ukianza kukauka, ugusie kwa pamba iliyochovywa maji ya ndimu yenye sukari ili usidondoke. Joto huisaidia hina. Ndiyo sababu bi harusi alikalishwa karibu na chetezo, akafukizwa udi, akapata manukato na rangi kwa mpigo mmoja.

Kuitoa, kwangua kwa ukingo wa kisu butu au kadi ngumu. Usioshe kwa maji siku hiyo ukiweza; paka mafuta ya nazi na uepuke sabuni. Maji ya mapema hukatiza rangi kabla haijakolea.

Koni za dukani zilizotengenezwa tayari ni salama?

Jiulize jambo moja. Hina ikishachanganywa huanza kupoteza nguvu baada ya siku mbili tatu kwenye joto la kawaida. Koni imesafiri kwa meli, imekaa ghalani, imekaa rafuni miezi, na bado inakupa rangi kali. Nini kinaishikilia? Nyingine hutiwa rangi za viwandani, nyingine vimumunyisho vya jamii ya mafuta ya taa, na viambato havikuandikwa vyote kwenye boksi.

Nusa. Hina hunuka majani, ndimu, na mafuta ya mkaratusi kama yametiwa. Ikikujia harufu ya petroli au ya saluni ya nywele, irudishe. Na ikiahidi rangi iliyokolea "kwa dakika kumi", hiyo ahadi peke yake inatosha: majani hayana uwezo huo.

Iliyobaki naihifadhi vipi?

Friza. Koni zilizofungwa vizuri hukaa miezi, na unga mkavu pia hupenda baridi na giza. Ukitoa, acha iyeyuke yenyewe. Usiipashe moto.

## Harusi na sherehe

Bi harusi achorwe siku gani?

Siku mbili kabla ya siku atakayotazamwa. Sherehe ikiwa Jumamosi jioni, achorwe Alhamisi, alale nayo, Ijumaa aikwangue na apumzike mbali na maji, na Jumamosi rangi iko kileleni. Wanaong'ang'ania siku moja kabla hupata picha nzuri za siku ya tatu, wageni wakiwa wameshaondoka.

Tenga muda pia. Mikono hadi viwiko na miguu hadi chini ya magoti ni kazi ya saa nyingi, na bi harusi hawezi kushika kitu. Awe na somo yake, yule mwanamke anayemfunda, au dada wa kumlisha, kumfukuzia nzi na kumjibia simu. Aende msalani kabla hatujaanza. Nacheka nikiandika hili, lakini kwa mchora hina si mzaha.

Mtindo upi ni wa Kiswahili, upi wa Kiarabu, upi wa Kihindi?

Mipaka imechanganyika tangu zamani, kwa sababu bahari moja imetubeba sote. Kwa ujumla, mchoro wa Kihindi ni mwembamba na umejaa, haukuachii ngozi tupu: tausi, nyavu, na duara kubwa katikati ya kiganja. Wa Oman na Ghuba huwa na maua makubwa yanayokimbia kwa ulalo kutoka kidole hadi mkononi, huku nafasi kubwa ikiachwa wazi. Wetu wa pwani, kuanzia Lamu hadi Unguja, hupenda ua nene lenye majani na matawi, na mara nyingi huweka rangi mbili: mstari mweusi wa piko nje, wekundu wa hina ndani. Lile umbo lililopinda kama tone utaliona kwenye kanga pia. Tunaliita korosho, nami hulichora karibu kila mkono bila kuombwa.

Kabla ya koni tulichora kwa kijiti. Mstari wa kijiti ni mnene na hauna ncha kali, na nadhani unene huo ndio uliozaa mtindo wetu. Vijana wenye koni leo wanauiga kwa makusudi.

Hina huendana vipi na singo na liwa?

Vina zamu zake. Singo, yaani ule mchanganyiko wa manukato wa kusugulia mwili, hutangulia, kwa sababu husugua ngozi iliyokufa na kuiacha laini. Ukisinga baada ya hina unaifuta hina mwenyewe. Liwa, ule mti wa kunukia unaosagwa, hupakwa usoni na mwilini, nayo haigombani na hina mradi isifike mikononi ndani ya zile saa 48. Udi na kikuba cha asumini ni vya mwisho.

Mwanamume anaweza kupaka?

Ndevu na nywele, ndiyo, na wazee wetu wengi wanazo ndevu nyekundu kushuhudia. Mikono na miguu kwa pambo, masheikh wengi huwakataza wanaume kwa kuwa ni pambo la kike, isipokuwa kwa tiba. Ziko familia ambazo bwana harusi hutiwa kidogo tu kwa furaha ya siku. Sipingi wala sichochei, nachora nilichoambiwa na mama mwenye nyumba.

Na msichana ambaye hajaolewa?

Zamani pambo kamili, mikono na miguu hadi juu, lilikuwa la bi harusi na wake za watu, na msichana aliyetoka nalo barabarani angeulizwa ameolewa lini. Watoto walipakwa Idi, kiganjani. Siku hizi kila mtu anachorwa, ila mgeni wa harusi mwenye adabu bado hajazi mikono kumzidi bi harusi.

## Piko na usalama

Kuna hina nyeusi ya asili?

Hakuna. Jani la mhina halitoi weusi. Likikolea kabisa kwenye nyayo linaweza kukaribia rangi ya kahawa, basi. Chochote kinachouzwa kwa jina la "hina nyeusi" kimeongezewa kitu.

Weusi wa mmea upo, lakini mbali nasi: tunda la mti wa Genipa americana, ambalo wenyeji wa misitu ya Amazon, wakiwemo Wakayapó wa Brazil, hulitumia kujichora mwilini. Maji yake hayana rangi mwanzoni, kisha hugeuka buluu inayokaribia weusi. Nao wana mwenzake mwekundu, mbegu za Bixa orellana, na huyu tunamfahamu: ni mzingefuri, unaolimwa Kwale na Lamu kwa ajili ya rangi ya vyakula. Mti uliopamba nyuso za watu wa Amazon kwa karne nyingi, sisi tunauza mbegu zake ziende kupaka jibini rangi.

Piko inadhuru vipi?

Mhusika ni kemikali iitwayo parafenilenidiamini, kwa kifupi PPD. Katika vipodozi, kazi yake ni nywele. Umoja wa Ulaya huiruhusu kwenye dawa za nywele kwa kiwango kisichozidi asilimia 2 inapofika kichwani, na hairuhusiwi kupakwa ngozini. Marekani nako, FDA, mamlaka yao ya chakula na dawa, imeidhinisha hata hina yenyewe kwa nywele tu, si kwa ngozi. Piko ya kuchora mara nyingi huwa na PPD nyingi kuliko kiwango hicho, na inakaa kwenye ngozi tupu, wakati dawa ya nywele huoshwa baada ya nusu saa.

Mwili ukiikataa, mchoro huanza kuwasha, huvimba, kisha hutoa malengelenge yanayofuata mstari uleule, ua kwa ua, kama umepigwa chapa. Yanaweza kuja baada ya saa chache, au baada ya wiki moja na zaidi, wakati umeshasahau. Yakipona yanaweza kuacha kovu au doa jeupe lenye umbo la mchoro. Binamu yangu anaishi na ua la korosho jeupe kwenye kifundo cha mkono tangu harusi ya dada yake. Aliyemchora alimwambia ni hina.

Lakini nimepaka piko mara kumi na sijapata kitu.

Ndivyo mzio unavyofanya kazi. Mara za mwanzo mwili unaitambua kemikali, kimya. Siku utakapoamua ni adui, hautakuonya, na kuanzia hapo ni adui wa maisha. Hutapaka tena dawa nyeusi ya nywele kwa usalama, na huo ni msiba mdogo kwa mwenye miaka 20 lakini si mdogo kwa mwenye miaka 50 na mvi. Mzio huo unaweza pia kukufuata kwenye rangi fulani za nguo, baadhi ya mipira, na aina fulani za dawa za ganzi. Mweleze daktari wako na wa meno kama ulishawahi kuungua na piko.

Nijaribu kidogo kwanza kwenye ngozi?

Hina, ndiyo: tone moja kifundoni, subiri siku moja. Piko, sishauri, kwa sababu hilo jaribio lenyewe linaweza kuwa ndilo linaloufunza mwili kuikataa.

Nimeshaanza kuvimba. Nifanye nini sasa hivi?

Osha kwa maji mengi na sabuni laini, usisugue, usitoboe malengelenge. Usipake dawa ya meno, siki, wala majivu, nimeviona vyote. Nenda hospitali ukaseme waziwazi kwamba ulipaka piko, maana daktari akidhani ni moto atatibu moto. Uso ukivimba au pumzi ikibana, usingoje asubuhi.

Na usiifunike kwa hina "ili isionekane". Inaonekana tu.

Naweza kumpaka mtoto mchanga?

Tafadhali usimpake, hata hina safi. Kuna watu waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, hali ya kurithi iliyo nyingi kwenye nchi zilizoishi na malaria, pwani yetu ikiwemo, na pia Uarabuni. Kwa mwenye upungufu huo, losoni inayopenya ngozini inaweza kuvunja chembe nyekundu za damu. Madaktari wa nchi za Kiarabu wamewahi kupokea watoto wachanga waliogeuka manjano na kuishiwa damu baada ya kupakwa hina mwilini. Ngozi ya mtoto mchanga ni nyembamba na mwili wake ni mdogo, kwa hiyo kile kinachopita kinakuwa kingi kwake. Familia yenye historia ya G6PD ijiepushe, wakubwa kwa wadogo.

Mjamzito je?

Hina safi mikononi na miguuni kwa kawaida haina tatizo, na katika miji yetu mwanamke hupakwa mimba ikiwa kubwa kama sehemu ya kufurahiwa. Mwambie mchoraji asitie mafuta makali. Piko iache. Mwenye upungufu wa damu au G6PD aongee na mkunga wake kwanza.

Wanja nao una hatari?

Ni swali la jirani, lakini linaulizwa sana. Wanja mwingine wa kusaga una madini ya risasi, na risasi huumiza ubongo wa mtoto. Ule mtindo wa kumtia mtoto mchanga wanja ili macho yawe makubwa, au kumkinga na kijicho, achana nao.

## Dini na desturi

Hina huzuia udhu?

Rangi, hapana: imeingia ndani ya ngozi, haina mwili, na maji yanapita. Uji uliokauka, ndiyo, huo ni kizuizi, kwa hiyo ukwangue kabla ya kutawadha. Wanawake wengi huchorwa baada ya Isha ili walale nayo na kuitoa Alfajiri. Piko ni hivyo hivyo kwa upande wa udhu. Kwa upande wa ngozi, rudi sehemu iliyotangulia. Ole wao wenye zile hina za kubandika zinazong'oka kama karatasi: hizo ni utando, zikague kama unavyokagua rangi ya kucha.

Mwenye eda anaweza kuchorwa?

Aliyefiwa na mume hujiepusha na mapambo kwa miezi minne na siku kumi, na hina imo. Kama harusi ya mwanawe imeangukia humo, anahudhuria bila hina, na hakuna atakayemshangaa.

Mimi si Mwislamu, au si wa pwani. Nachukua cha watu?

Kaa kitini. Hina huchorwa na Waislamu, Wahindu, Wakristo wa Ethiopia na Misri, Wayahudi wa Yemen na wengine. Nilichoona kinaudhi ni pale mgeni anapoomba mchoro wa bi harusi, hadi viwiko, aingie nao klabu. Wewe ukiniuliza unaofaa, nitakupa ua zuri la mkono mmoja.

Nilisikia hina imeandikwa UNESCO. Ni kweli?

Ndiyo, Desemba 2024, kwenye orodha ya urithi wa tamaduni zisizoshikika. Iliwasilishwa na nchi 16 za Kiarabu, Oman, Yemen na Sudan zikiwemo. Kenya na Tanzania hazimo kwenye ombi hilo. Nasema tu, bila kinyongo kikubwa.

## Ya pembezoni

Ule wekundu wa Wamaasai na Wasamburu ni hina?

Hapana, ule ni ngeu: udongo wenye madini ya chuma, uliochanganywa na mafuta au maji. Hupakwa juu ya ngozi na kwenye nywele ndefu zilizosukwa za morani, na ukioga unatoka. Hina ni jani na hubaki. Ngeu ni udongo na hurudiwa. Kwa Wamaasai, nywele hizo hunyolewa kwenye Eunoto, pale morani anapopanda daraja, na Eunoto pamoja na sherehe zao nyingine mbili, Enkipaata na Olng'esherr, ziliingia UNESCO mwaka 2018, kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka.

Ndugu zao wa mbali katika fani hii ni Wahimba wa kaskazini mwa Namibia, ambao wanawake wao hujipaka otjize, siagi na ngeu iliyotiwa utomvu wa kunukia. Na ngeu ni kongwe kupita tunavyodhani: katika pango la Blombos, Afrika Kusini, yalipatikana makombe yenye mabaki ya ngeu iliyochanganywa, ya miaka kama 100,000 iliyopita. Haijulikani kama ilikuwa ya mwili au ya ngozi za wanyama. Mimi, kwa upendeleo wa fani, nimeshaamua.

Na nembo za Wamakonde?

Hizo ni chale. Ngozi hukatwa na kutiwa unga wa mkaa, na haitoki maisha. Wazee wachache waliobaki nazo Mtwara na ng'ambo ya Ruvuma ni wa kizazi cha mwisho. Ukimwona bibi mwenye nembo na tundu la ndonya, lile pambo la mdomo, juu ya mdomo, msalimie kwanza. Picha iombe baadaye, na akikataa umekataliwa.

Ile nyeupe usoni ya wanawake wa Komoro na Msumbiji je?

Ni mti unaosagwa juu ya jiwe kwa maji, kama sisi tunavyosaga liwa. Wakomoro huuita msindzano. Wanawake wa Ilha de Moçambique na kisiwa cha Ibo wana mussiro. Hulainisha uso, hukinga jua, na huoshwa jioni. Wageni huiona kama kinyago. Wenyewe wanakwenda nayo sokoni.

Nina miadi ya alama za vidole wiki ijayo. Nichorwe?

Chorwa, ila uache ncha za vidole tupu. Hina iliyokolea kwenye ncha inaweza kuifanya mashine ya kitambulisho au pasipoti ishindwe kusoma mistari, na foleni unaijua. Mwambie mchoraji kabla hajaanza, si baada ya kidole cha tatu.

Nataka kuitoa leo leo.

Hutaweza yote. Loweka kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, sugua kwa dodoki na mafuta ya nazi, rudia asubuhi na jioni; itapauka, haitakwisha. Dawa za kung'arisha nguo usiguse. Kama ni mwanafunzi na shule inafunguliwa kesho, mama aandike barua, na mwakani mchorwe mwanzoni mwa likizo.